Pamba, Pembe na Banjo: Wapagazi Wetu Ndani ya Muziki wa Wengine

Kuna aina moja ya kundi la muziki ambayo ukizurura mtandaoni huwezi kuikosa. Watu wawili tu, mmoja na fidla, mwenzake na banjo au gitaa kavu, wanaimba kwa sauti mbili zilizobanana, na tangazo lao linasema wanachanganya mapokeo mawili: ya Kikelti, yaani nyimbo za Ayalandi na Uskoti, na ya Amerikana, yaani muziki wa mashambani wa Marekani. Wapo wengi, wazuri na wa kawaida. Ninaowapenda zaidi ni Rhiannon Giddens, mwanamke wa North Carolina mwenye mama mweusi na baba mzungu, na Francesco Turrisi, Mwitaliano. Wote walihamia Ayalandi, wakarekodi huko albamu mbili, na ile ya 2021, "They're Calling Me Home", ikapata tuzo ya Grammy ya muziki wa asili mwaka 2022.

Sasa utaniuliza, na ni haki yako: hayo yanamhusu nini mtu wa Shinyanga? Huku kwetu ukipita Kahama au ukiteremka Geita, vibanda vinapiga Kisukuma na bongofleva. Banjo hatuna. Ayalandi tunaisikia kwenye mpira tu.

Yanatuhusu. Yanatuhusu kwa njia ya biashara kabla ya kutuhusu kwa njia ya sanaa, na nadhani ndiyo maana waandishi wa muziki hawakuyaona. Wao husikiliza santuri, lakini orodha ya bidhaa hawaisomi.

Tuanze na banjo yenyewe. Ala hii haikuzaliwa Marekani, japo kwa muda mrefu ilitangazwa kama mali ya mzungu wa milimani. Walioipeleka ni Waafrika wa magharibi waliokamatwa na kuvushwa bahari. Walikumbuka ala za kwao, kibuyu kilichowambwa ngozi na kutiwa mti wa kushikilia nyuzi, wakaziunda upya kwa vibuyu vya ugenini. Senegambia mpaka leo Wajola wana ala iitwayo akonting ambayo ukiiona hutahitaji kuelezwa zaidi. Kuna picha ya rangi za maji ya mwishoni mwa karne ya 18, kutoka South Carolina, inayowaonyesha watumwa wakicheza, na mmoja ameshika banjo ya kibuyu yenye uzi mfupi wa dole gumba. Ule uzi mfupi ndio roho ya banjo.

Fidla ilifika kwa njia nyingine. Waskoti waliokuwa wamelowezwa Ulster, kaskazini ya Ayalandi, walivuka kwa maelfu katika karne hiyohiyo ya 18 na wengi wakapanda milima ya Appalachia. Walibeba nyimbo ndefu za hadithi na muziki wa kuchezea miguu. Lakini usidhani fidla ilibaki mikononi mwa wazungu. Kwenye dansi za wenye mashamba, mara nyingi mpiga fidla alikuwa mtumwa, na alizijua nyimbo za Kiskoti kuliko wenyewe. Kisha katika miaka ya 1830 akatokea Joel Walker Sweeney wa Virginia, mzungu mwenye asili ya Ayalandi, aliyejifunza banjo kwa watumwa, akajipaka uso masizi na kuanza kuzunguka majukwaani. Miaka ya 1840 alishafika Uingereza na Ayalandi. Kwa hiyo hata banjo unayoisikia kwenye baa za Dublin, ile ambayo Barney McKenna wa The Dubliners aliipa heshima kuanzia miaka ya 1960, njia yake inarudi kwenye uwanja wa watumwa.

Basi ndoa ya fidla na banjo, ambayo leo inauzwa kama kitu kitamu cha wawili waliopendana, ilifungwa shambani, na mmoja wa wanandoa alikuwa amenunuliwa. Na shamba hilo, katika karne ya 19, lilizidi kuwa shamba la pamba.

Hapa ndipo Shinyanga inaingia.

Bibi yangu alikuwa na neno lake kwa kitambaa cheupe kisichopaushwa, kile cha kushonea mifuko na sanda: "amerikani". Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Neno ni la karne ya 19. Sultani Said wa Oman na Zanzibar aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakawa wanaleta Zanzibar kitambaa kigumu cha pamba kilichofumwa kwenye viwanda vya huko kwao. Pwani waliita merikani, na bara wote wakalitaka merikani. Lilikuwa nguo, lilikuwa mshahara, na lilikuwa hongo kwa watemi ili msafara upite. (Ndiyo, hongo ilianza kama ushuru wa njia, hadharani kabisa. Maana ya leo imekuja baadaye.) Pamba ya viwanda vile ililimwa kusini ya Marekani, na aliyeichuma alikuwa mtumwa, ndugu wa yule mwenye banjo ya kibuyu.

Waliolipeleka merikani bara ni wapagazi. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, na majina hayo kwa wakati ule hayakuwa na ukuta kati yake. "Sukuma" kwa Kinyamwezi ni upande wa kaskazini tu. Hawa hawakuwa watumwa. Walikuwa watu wa ajira, waliopatana ujira, waliogoma mwenye msafara akikorofisha, na kwa kijana wa Unyamwezi safari ya kwenda pwani na kurudi ilikuwa ndiyo kuwa mwanaume. Mzigo ulikuwa kama kilo 30, pamoja na mkeka, chungu na chakula chake mwenyewe. Mbele alitangulia kirangozi, amejipamba manyoya na ngozi, na yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Kuanzia Tabora mpaka pwani ni zaidi ya kilomita 800 kwa miguu. Watu hawatembei umbali huo kimyakimya. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kitabu kizima juu yao, "Carriers of Culture", cha 2006, na jina la kitabu linatosha: walibeba utamaduni kichwani pamoja na bidhaa.

Na kurudi pwani walibeba nini? Pembe za ndovu. Kutoka Zanzibar pembe zilipakiwa kwenda, miongoni mwa kwingine, Connecticut, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton (huo wa pili umepewa jina la pembe kabisa), zikakatwa vipande vyembamba kwa ajili ya kinanda cha piano. Fikiria sebule ya Mmarekani wa daraja la kati miaka ya 1880: binti amekaa kwenye piano, anacheza wimbo wa zamani wa Kiskoti uliochapishwa kwenye karatasi, na vidole vyake vinagusa kitu kilichopita juu ya kichwa cha kijana wa huku.

Vijana wa mjini siku hizi wakisema "kwa Wanyamwezi" wanamaanisha Marekani. Ni utani wa mtaani, lakini mimi kila nikiusikia nacheka peke yangu. Uhusiano upo wa tangu zamani.

Turuke sasa hadi karne ya 20, muziki ulipoanza kusafiri bila mtu wa kuubeba. Agosti 1927, katika mji wa Bristol, Tennessee, mfanyabiashara wa santuri aitwaye Ralph Peer alirekodi ndani ya siku chache familia ya Carter na kijana mgonjwa wa kifua aliyekuwa mfanyakazi wa reli, Jimmie Rodgers. Wamarekani wengi huhesabu muziki wao wa kantri kuanzia hapo. A. P. Carter alizunguka milimani kukusanya nyimbo, na mara nyingi hakwenda peke yake: alifuatana na Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi aliyekuwa amepoteza mguu kazini. Carter aliandika maneno, Riddle alishika muziki kichwani. Wawili barabarani, mapokeo mawili. Kwenye lebo ya santuri jina lilikuwa moja, na halikuwa la Riddle.

Rodgers alikufa 1933, lakini santuri zake zilimtangulia kila mahali palipokuwa na gramafoni, na Afrika Mashariki zilikuwepo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya makazi kusini mwa Afrika na kuzunguka bara na mashine za kurekodi, alifika Kapkatet, kwa Wakipsigis wa Kenya, akakuta wasichana wanaimba juu ya "Chemirocha". Ndiye Jimmie Rodgers. Walimsikia kwenye gramafoni na kumfanya kiumbe, nusu mtu nusu swala, anayecheza. Mimi nauona wimbo ule kama uhakiki bora kuliko mengi yaliyoandikwa juu ya Rodgers. Walisikia ile sauti yake ya kupandisha na kukatika kooni, wakajiuliza swali sahihi: hivi huyu ni binadamu kamili? Baada ya hapo Tracey alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, mwaka 1954, na zaidi ya miaka 60 baada ya kurekodiwa nyimbo zile zilirudishwa Kapkatet, zikapigwa mbele ya wazee ambao baadhi yao walikuwepo siku ile.

Shikilia hilo la kurudishwa, tutalihitaji.

Mwaka 2005 mpiga banjo maarufu wa Marekani, Béla Fleck, alikuja Afrika na banjo yake kutafuta ndugu za ala hiyo. Alipita Uganda, Tanzania, Gambia na Mali, na nduguye wa kambo Sascha Paladino akapiga filamu. Kwa upande wa ukoo wa banjo, Uganda na Tanzania hazikuwa njiani. Banjo ni mtoto wa magharibi. Lakini ni hapa Tanzania ndipo, kwa masikio yangu, alipokutana na mtu wa kumjibu sawasawa: Anania Ngoliga, mwanamuziki asiyeona, mwimbaji na mpigaji wa marimba za vidole. Katika "Kabibi" wanajibizana kama watani. Banjo inatupa neno, marimba inaliokota, inaligeuza, inalirudisha na chumvi. Hakuna anayemsindikiza mwenzake. Ukitaka kujua nini maana ya wawili kuchanganya mapokeo, achana na matangazo, sikiliza hiyo. Mwaka 2009 Ngoliga alikwenda Marekani kwenye ziara ya Fleck pamoja na John Kitime, mpiga gitaa wa Kilimanjaro Band, hao Wana Njenje, wakapanda majukwaani wao wawili: marimba, gitaa na sauti mbili. Albamu ya safari ile ilishinda Grammy mwaka 2010.

Nina ugomvi mmoja tu na kazi hii, nao ni jina. Albamu na filamu zinaitwa "Throw Down Your Heart", na jina hilo limetokana na Bagamoyo, Fleck alikofika na kuwakuta watu wa familia ya marehemu Hukwe Zawose wakipiga muziki wa Kigogo. Maelezo aliyopewa ni yale ambayo mgeni yeyote hupewa pale: kwamba watumwa wakiiona bahari walikata tamaa, wakaambiwa, au wakajiambia, bwaga moyo wako hapa, hutarudi tena.

Ni maelezo yenye uchungu, na kwa mtu anayefuata nyayo za banjo yanaingia kama ufunguo kwenye kufuli. Mateka walipita Bagamoyo, hilo halina ubishi, na wamisionari waliofungua makao pale mwaka 1868 waliishi na waliokombolewa. Lakini bandari kuu ya biashara ya watumwa upande huu ilikuwa Kilwa. Bagamoyo ilikuwa zaidi mji wa pembe na wa wapagazi. Wanahistoria waliochimba wanatukumbusha maana nyingine, na msemaji wa Kiswahili hahitaji hata mwanahistoria: kubwaga ni kushusha mzigo. Umetembea miezi, shingo imekakamaa, unasikia harufu ya chumvi. Bwaga mzigo, bwaga na moyo. Pumzika. Wapagazi walikuwa na nyimbo za kuusifu mji ule, nyimbo za furaha, za minazi na ngoma na starehe za kijana mwenye ujira mkononi.

Tofauti ya tafsiri hizi mbili si ya wasomi kugombania kamusi. Ya kwanza inamjua Mwafrika mmoja tu katika historia ya banjo, yule aliyefungwa minyororo. Ya pili inaleta mwingine ukumbini: mtu huru wa Unyamwezi na Usukuma, mjanja wa bei, mwenye wimbo, ambaye merikani aliyolipwa ilitoka kwenye jasho la yule wa kwanza, na wala hawakujuana. Hadithi hiyo ni ngumu zaidi. Haimpi mtu wetu usafi wote. Alinufaika, japo kidogo, na pamba ya utumwa, na pembe alizobeba zilikuwa na damu yake nyingine. Mwaka 2006 njia nzima ya kati iliwekwa kwenye orodha ya awali ya UNESCO kwa jina la njia ya watumwa na pembe za ndovu. Mpagazi hayumo kwenye jina.

Pamba yenyewe ilikuja kutufuata nyumbani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata merikani, na nguo za India na Uingereza zikachukua nafasi. Karne iliyofuata wakoloni wakaifanya Usukuma nchi ya pamba. Kufikia 1955 wakulima walikuwa na shirikisho lao, Victoria Federation of Co-operative Unions, likiongozwa na Paul Bomani, ambalo lilikuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani. Na pamba ililimwa kwa nyimbo. Vijana wa kijiji chini ya nsumba ntale waliingia shambani kwa mstari, ngoma nyuma, majembe yakipanda na kushuka pamoja, yakirushwa juu na kudakwa. Hiyo ndiyo bugobogobo, ambayo leo unaiona kwenye sherehe za mwenge na harusi za wakubwa ikiwa imetenganishwa na udongo.

Kuna kitu hapa ambacho wapenzi wa muziki wa wawili hawana. Kwetu wawili wakikutana si kuchanganya, ni kushindana. Bagika upande huu, Bagalu upande ule, vyama viwili vinavyojivunia waanzilishi wao wa zamani, Ngika na Gumha, waliokuwa wacheza ngoma na waganga mahasimu. Baada ya mavuno wanapiga wakati mmoja, uwanja mmoja, na watazamaji wanahama kwa miguu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Mwenye watu wengi kashinda. Bujora, pale Kisesa, Padri David Clement, Mkanada, aliyaingiza mashindano hayo kwenye sikukuu ya Ekaristi, na Bulabo mpaka leo inajaza watu kila Juni. Mimi naona ushindani huo una adabu kuliko kuchanganya kwingi. Hakuna anayemezwa, na mwisho wa siku kila mtu anajua wimbo ni wa nani.

Mtafiti wa Kimarekani Frank Gunderson alizikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma, zaidi ya 300, za wawindaji, wapagazi, wakulima wa pamba, akazichapisha mwaka 2010 na tafsiri na maelezo. Ni kazi kubwa ya upendo. Bei ya kitabu si ya mfuko wa mkulima wa Maswa. Mwaka 2017, kwenye sakata la makinikia, nchi nzima ilisimama kuuliza ndani ya makontena kuna nini, na watu wa Bulyanhulu na Kahama walijua hesabu ya wakia kuliko wahasibu. Ikaja kampuni ya Twiga, serikali ikapata asilimia 16. Kwa dhahabu tumejifunza kuuliza. Kwa nyimbo bado hatujauliza hata zimehifadhiwa kabati gani, ilhali wasichana wa Kapkatet wamerudishiwa za kwao.

Nirudi kwa Giddens na Turrisi nimalize. Banjo anayopiga Giddens haina vigawanyo vya chuma shingoni na sauti yake ni nzito, ya chini, karibu na ya kibuyu. Ni nakala ya banjo ya mwaka 1858. Mwaka huohuo, Julai, John Hanning Speke aliondoka Tabora kwenda kaskazini kutafuta ziwa, akiwa na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi, akakatiza nchi ambayo leo ni Shinyanga, na mwanzoni mwa Agosti akawa Mwanza. Majora ya merikani yalikuwa vichwani. Jioni walipotua mzigo walipimiwa posho yao kwa shuka na shanga, na aliyepata shuka mbili alikuwa na doti moja, kipimo kilekile ambacho mama zetu wananunulia khanga mpaka leo.